Shangazi, maziwa yananitoka nikiwa kaunta na bosi anasema nitumie choo

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni keshia kwenye duka la jumla Kariakoo, tunauza vyombo na vifaa vya nyumbani. Nina mkataba na makato ya NSSF yanakatwa kila mwezi, kwa hiyo siyo kibarua. Nimejifungua mtoto wangu wa pili, wa kiume, na likizo yangu ya siku 84 iliisha mwezi uliopita. Mtoto sasa anakaribia miezi minne.

Nilidhani kitakachonisumbua ni usafiri, maana tunakaa Chanika. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, narudi saa mbili usiku, na mvua ikinyesha ni saa tatu. Usafiri nimeuzoea. Kilichonishinda ni maziwa. Ikifika saa nne asubuhi matiti yamejaa mpaka yamekuwa magumu. Mteja akija na mtoto mchanga, yule mtoto akilia tu, basi, maziwa yanatoka yenyewe. Sare yetu ni fulana ya bluu mpauko, haifichi kitu. Nakunja tishu naweka ndani ya sidiria, baada ya muda nayo imelowa. Juzi mteja mwanaume akaniambia mbele ya foleni, "Dada, umemwagikiwa."

Nikamwendea bosi kumwomba muda wa kukamua. Akasema saa ya chakula si ninayo, niitumie hiyo. Nikamuuliza nikakamulie wapi, akajibu, "Choo si kipo?" Choo chenyewe ni kimoja, tunatumia wafanyakazi wote, na wateja wakiomba tunawapa ufunguo. Nimekamua humo nikiwa nimesimama, mkono mmoja umeshika mlango kwa sababu komeo limevunjika, maziwa nayamwaga kwenye sinki. Juu ghorofani kuna stoo ya maboksi ambayo mtu huingia mara moja moja, lakini sikuthubutu kuitaja.

Shoga yangu anayefanya kazi benki akaniambia sheria inatoa saa mbili za kunyonyesha kila siku. Nilipomwambia bosi alicheka. Akasema, "Hizo ni za serikalini. Hapa ukitoka saa mbili, nakata saa mbili." Msimamizi wetu ni mama mtu mzima, nilitegemea atanitetea. Naye akasema amelea wanne na hakuna aliyemtafutia chumba. Keshia mwenzangu ameanza kuninunia, kwa sababu nikienda chooni anabaki na foleni mbili. Siku moja alinishikia droo, jioni tukakuta shoti ya elfu kumi na mbili. Nikalipa mimi.

Nyumbani nako mtoto anabaki na mama mkwe wangu. Anasema maziwa ya kukamua yamelala, yatamharisha mtoto, tena mtoto mwenyewe hashibi, bora aanze uji mwepesi. Nadhani ameshaanza kumpa, maana nimekuta kikombe chenye ukoko wa uji kimefichwa nyuma ya jiko. Na kweli maziwa yangu naona yanapungua. Mume wangu ni mlinzi wa zamu ya usiku, anarudi asubuhi. Wifi yangu anakaa Buguruni, amesema niwe namwachia mtoto nikipita.

Mkataba wangu unaisha Desemba. Naogopa nikisumbua hawataniongezea. Je, nimwanzishie mtoto maziwa ya kopo yaishe? Au niache kazi?

Mama Jabiri, Chanika

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na hongera kwa uzazi. Usiache kazi, na usikimbilie kopo. Kopo la gramu 400 halimalizi wiki kwa mtoto wa umri huo, na kwa mshahara wa keshia utajikuta unakwenda Kariakoo kumfanyia kazi mwenye kopo. Kama mama hawezi kunyonyesha kwa sababu za afya, huyo ana njia yake na daktari wake. Wewe maziwa unayo, mpaka yanalowesha fulana.

Tuanze na bosi, maana kicheko chake ndicho kilichokutisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inamtaka mwajiri amruhusu mfanyakazi anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto wake ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Haisemi ni za serikalini. Sheria hiyo inawahusu waajiriwa wote wa Tanzania Bara, duka la vyombo likiwemo. Iliowaacha nje ni watu wa majeshi, yaani JWTZ, Polisi, Magereza na JKT, na bosi wako sijasikia kama ana cheo huko. (Zanzibar wana sheria yao ya ajira ya mwaka 2005. Wasomaji wangu wa visiwani msiende kwa mwajiri na kifungu cha Bara.)

La pili, saa ya chakula siyo saa ya kunyonyesha. Mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano anastahili mapumziko ya angalau dakika 60 kwa kifungu kingine kabisa, cha 23, na hayo hata mwanaume anayapata. Zile mbili za kunyonyesha zimewekwa ndani ya saa za kazi. La tatu, kukata mshahara hakuendi kwa hasira za bosi: kifungu cha 28 kinataka makato yawe yameruhusiwa na sheria au mfanyakazi mwenyewe ameyakubali kwa maandishi. Hata ile elfu kumi na mbili uliyolipa ilitakiwa kwanza upewe nafasi ya kujieleza na ukubali kwa maandishi. Hiyo iache kwa leo, ila ujue.

Sasa nikuambie mahali ambapo sheria yetu imepungua, ili usiende kwa bosi ukidai kisichoandikwa. Kifungu kinasema kunyonyesha mtoto. Hakitaji kukamua, hakitaji chumba, hakitaji friji. Ni kama kimeandikwa kwa mama ambaye mtoto wake yuko nyumba ya tatu kutoka kazini. Wako yuko Chanika. Ukizitumia saa mbili zote kumfuata, utafika Gongo la Mboto na kugeuza. Wenzetu Kenya waliliona hili, na Sheria yao ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea au kukamulia chenye mahali pa kunawia mikono, friji au kifaa kingine cha kupozea, umeme, meza ndogo na kiti, na ikasema wazi chumba hicho kisiwe chooni. Sisi bado. Kwa hiyo kwako chumba ni cha kukubaliana, lakini muda ni wa kwako.

Mama wengi wa mjini hukubaliana na waajiri wao zile saa mbili zikusanywe mwisho wa siku, mtu atoke saa tisa badala ya saa kumi na moja. Inavutia, na ndicho shoga yako wa benki atakachokushauri. Mimi kwa hali yako sikushauri hivyo. Unatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Ukikaa mpaka saa tisa mchana bila kukamua, titi limekaa limejaa karibu saa kumi, na titi likikaa limejaa muda mrefu mwili unaelewa kwamba maziwa hayahitajiki, unapunguza kutengeneza. Ndiyo maana unaona yanapungua. Hujarogwa wala chakula chako hakina kasoro. Hayatolewi mara za kutosha, basi. Tena titi lililojaa bila kutolewa ndilo linaloziba na kuvimba. Ukiona sehemu ya titi imekuwa nyekundu, ina joto na inauma, ukapata na homa, hiyo ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo, na mtoto uendelee kumnyonyesha.

Kwa hiyo zigawe. Nusu saa ikiwa saa nne asubuhi, nusu saa ikiwa saa nane na nusu mchana, na saa nzima iliyobaki uitumie kutoka saa kumi jioni badala ya saa kumi na moja. Wewe mkaaji wa Chanika unajua saa hiyo moja inanunua nini barabara ya Pugu: ukipanda gari kabla maofisi hayajatoka, unafika mtoto hajalala.

Kuhusu wifi wa Buguruni, nimelifikiria sana. Mtoto akiwa Buguruni, hata mchana unaweza kumfikia, ukamnyonyesha na kurudi, na hapo kifungu cha 33 kinafanya kazi kama kilivyokusudiwa. Lakini atafikaje Buguruni? Utamgombania naye mlangoni mwa daladala saa kumi na moja alfajiri, amebanwa kati ya mikoba na viwiko, kila siku? Hapana. Kama wifi angekupokea wewe na mtoto kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa kwa miezi miwili mitatu, ningesema nenda. Ila hilo lina mume ndani yake, na mama mkwe, na nani anapika, na mimi sitaki barua ya pili kutoka nyumba hiyo hiyo. Mzungumze. Wakati mnazungumza, kamua.

Sasa namna ya kulipeleka kazini. Usianze na bosi. Mwanzie msimamizi wako, faragha, siku isiyo na mzigo wa kupokea. Yule mama hakukukatalia kwa roho mbaya, alikumbuka yake. Mtu aliyenyimwa kitu akakivumilia huona anayekiomba anadeka. Muulize yeye alifanyaje na wale wanne: maziwa yalikwendaje, mtoto alibaki na nani, alinyonyesha mpaka lini. Msikilize mpaka mwisho, usimkate. Halafu mwonyeshe ratiba yako kwenye karatasi na umwombe akusaidie kuona itavyoingia kwenye zamu, kwa sababu zamu anazipanga yeye. Wakubwa kazini hupinga jambo walilolikuta limeshapangwa. Walilolipanga wao hulitetea kwa bosi.

Kisha ndipo barua. Mwanangu, andika. Maneno ya kaunta hayana tarehe. Iwe fupi, nakala mbili, moja ipigwe muhuri au isainiwe kwamba imepokelewa, ibaki kwako. Naweza kukuandikia mwili wake:

"Yah: Ratiba ya kunyonyesha ndani ya saa za kazi. Nimerejea kazini baada ya likizo ya uzazi na bado nanyonyesha. Kwa mujibu wa kifungu cha 33 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, napendekeza saa mbili za kunyonyesha kwa siku nizitumie kama ifuatavyo: nusu saa kuanzia saa 4:00 asubuhi na nusu saa kuanzia saa 8:30 mchana kwa ajili ya kukamua maziwa ya mtoto, na kutoka kazini saa 10:00 jioni. Kwa vipindi hivyo viwili naomba kutumia stoo ya juu. Kila ninapotoka kaunta nitafunga na kuhesabu droo yangu. Niko tayari kuzungumza endapo muda mwingine unafaa zaidi kwa duka."

Ile sentensi ya mwisho usiiondoe. Pengine saa nne ndiyo wanakuja wateja wa mikoani na bosi atataka saa tatu na nusu. Mpe. Dakika za kuanzia zinazungumzika, idadi ya saa haizungumziki.

Nimetaja droo makusudi, kwa sababu humo ndimo mwenzako alikonunia na ndimo utakakoingizwa makosani. Usimwachie mtu droo yako tena, hata kwa dakika tano. Funga, hesabuni wawili, andika kiasi kwenye daftari, toka kwenye mashine kwa jina lako, yeye aingie kwa jina lake na droo yake. Ukirudi unafungua ya kwako. La sivyo kila shoti ya duka hilo itakuwa imetokea ulipokwenda kukamua. Na mwenzako mtendee haki: wewe unatoka saa kumi, yeye anabaki na msongamano wa jioni peke yake. Mwambie utachukua zamu yake ya asubuhi ya kufungua na kupanga kaunta, maana saa moja na nusu umeshafika. Akiona mzigo unagawanywa, atanuna kidogo tu.

Stoo nayo. Usiombe "chumba cha kunyonyeshea", bosi atasikia vigae na kiyoyozi. Mwambie unahitaji kona ya stoo, kiti cha plastiki, komeo la ndani na kipande cha pazia. Kiti mnauza wenyewe. Maji ya kunawa unaweza kupanda nayo kwenye chupa, na sabuni. Chooni ukatae kwa upole lakini ukatae, na sababu umweleze kwa lugha ya mfanyabiashara: hicho ni chakula cha mtu, hakuna anayeandaa chakula chooni. Tena ukiwa humo wateja na wafanyakazi wote wanasubiri ufunguo.

Kukamua kwenyewe hakuhitaji mashine. Pampu ya mkono inasaidia ukiwa nayo, lakini mkono uliooshwa vizuri unatosha, na hauhitaji soketi. Kaa, legeza mabega, sugua titi taratibu kuelekea mbele. Weka kidole gumba juu na vidole viwili chini, nyuma kidogo ya ule weusi, sukuma ndani kuelekea kifuani, kisha bana na kuachia, bana na kuachia. Usivute chuchu na usiteleze vidole juu ya ngozi, utajichubua. Mwanzo yatatoka matone, ukaona umepoteza muda, halafu ghafla yanafunguka. Hama titi, rudi tena. Ukiwa na picha ya mtoto kwenye simu, au video yake akilia, itazame. Si umesema mtoto wa mteja akilia tu yanatoka? Mwili wako unajua kazi, upe sababu.

Yasimwagwe tena sinki. Chukua vichupa vya plastiki ngumu au vya kioo vyenye mfuniko unaobana, uvioshe kwa sabuni na kuvichemsha nyumbani, ubandike saa na tarehe. Utasoma mahali kwamba maziwa ya mama yanakaa saa nne nje ya friji. Ni kweli kwa chumba chenye nyuzi joto 25 au chini ya hapo. Kariakoo, stoo ya juu chini ya bati, mwezi wa Februari? Usiyaache nje hata kidogo. Yakitoka yaende kwenye friji ya soda, nyuma kabisa, ndani ya mfuko wako mweusi ili wasikuulize. Hamna friji, au unaogopa watu, tumia deli dogo, lile la wauza barafu, lenye barafu ya kutosha iliyogandishwa kwenye chupa. Likifungwa vizuri linatunza baridi siku nzima na safari yako yote ya Chanika. Ukifika unayaweka kwenye friji ya nyumbani, na humo yanakaa mpaka siku nne. Ya leo atakunywa kesho.

Kiasi? Watoto hawafanani, lakini mtoto wa miezi hiyo kwa kawaida anataka mililita 30 hadi 45 kwa kila saa unayokuwa mbali. Wewe unakaa mbali karibu saa 15, kwa hiyo anahitaji kama nusu lita au zaidi kidogo, alfajiri mpaka usiku unaporudi. Huenda kazini usiipate yote mwanzoni. Kamua kidogo kabla hujatoka alfajiri baada ya kumnyonyesha, kamua Jumapili, na usiku mwache anyonye anavyotaka. Utachoka, sikudanganyi.

Tuje kwa mama mkwe, na hapa naomba usinyanyue sauti. Anakulelea mtoto bila mshahara. Ile imani kwamba maziwa yamelala ameipokea kwa mama yake. Maziwa hayachachi yakiwa ndani ya titi, hata ukikaa juani, hata ukichelewa. Yaliyokamuliwa yakitunzwa kwenye baridi hayamdhuru mtoto. Lakini kuna kitu kimoja ambacho lazima umwonyeshe kwa macho yake kabla hajakikuta mwenyewe. Maziwa yakikaa kwenye friji mafuta yanapanda juu, chini yanabaki majimaji yenye rangi ya samawati kidogo. Akiona hivyo atasema yamekatika, na atayamwaga, na atakuwa na ushahidi wa kuwasimulia majirani mwezi mzima. Kaa naye Jumapili, toa kichupa, kizungushe taratibu mbele yake mpaka yachanganyike, kiweke kwenye bakuli la maji ya moto yapate uvuguvugu. Yasiwekwe jikoni yakachemka. Ampe kwa kikombe kidogo, akimpakata amekaa wima, mtoto alambe mwenyewe ukingoni, asimwagiwe mdomoni. Mtoto anayekataa chupa hukubali kikombe, na kikombe ni rahisi kukisafisha. Yatakayobaki kwenye kikombe alichonywea yasirudishwe kwenye friji.

Na uji. Shirika la Afya Duniani na kliniki zetu wanasema maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita, hata maji hapewi, kisha vyakula vingine huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Uji mwepesi unajaza tumbo dogo kwa maji mengi na lishe kidogo, na akishiba uji hanyonyi, na asiponyonya maziwa yanapungua, kisha mama mkwe anasema "si nilikwambia?" Usimtegee kikombe cha nyuma ya jiko. Nenda naye kliniki siku ya kupima uzito, nesi aeleze yeye, mama mkwe aone mstari kwenye kadi. Maneno ya mkwe na ya nesi hayana uzito mmoja, hata kama ni yale yale.

Baba Jabiri sijamsahau. Anarudi kutoka lindo asubuhi. Amempa mtoto kikombe kimoja kabla ya kulala? Anaweza kuchemsha vile vichupa? Anaweza kugandisha barafu ya deli lako? Sheria ilimpa baba siku tatu tu za likizo ya malipo mtoto alipozaliwa, na hizo ziliisha zamani. Za nyumbani hazijaisha. Tena ndiye mtu pekee anayeweza kumwambia mama yake "mama, usimpe uji" bila wewe kuonekana mkwe mbaya.

Mwisho, Desemba yako. Siwezi kukuahidi bosi hatakasirika. Ninachoweza kukuambia ni kwamba kisheria kutohuisha mkataba kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kuachishwa kazi, endapo ulikuwa na sababu za msingi kutarajia kwamba utahuishwa. Na sababu hizo hujengwa kwa karatasi: mikataba ya nyuma iliyohuishwa, ujumbe wa simu wa kukupangia kazi za Januari, barua zozote za kukusifu. Zikusanye kuanzia sasa, zisikae kazini. Ujauzito umetajwa miongoni mwa sababu zisizoruhusiwa kumbagua mfanyakazi, na kumwachisha mtu kwa sababu zinazohusiana na ujauzito si sababu halali. Ikitokea, mahali pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, na siku za kufungua lalamiko la kuachishwa kazi ni 30 tu tangu siku uliyoachishwa. Malalamiko mengine, kama hili la kunyimwa saa zako, ni 60. Watu wengi hupoteza haki zao wakisubiri bosi apoe. Kabla ya Tume kuna Afisa Kazi, na kuna chama cha wafanyakazi: kwa watu wa biashara na viwanda ni TUICO. Si lazima duka zima lijiunge ndipo wakusikilize wewe.

Kwa wewe msomaji ambaye bado una tumbo: taarifa ya likizo ya uzazi unatakiwa kuitoa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Likizo ni siku 84, na 100 ukijifungua zaidi ya mmoja kwa mpigo. Katika barua hiyo hiyo weka na ratiba ya kunyonyesha utakaporudi. Bosi huwa mkarimu zaidi kwa jambo la miezi sita ijayo kuliko la kesho asubuhi.

Mama Jabiri, barua ipeleke wiki hii, siku yoyote isiyo Jumamosi. Akijibu kwa mdomo, jioni ile ile mtumie ujumbe wa simu wa heshima: "Bosi, nashukuru kwa mazungumzo ya leo, nimeelewa kwamba umesema hivi na hivi." Akikataa, usimjibu kitu hapo kaunta. Niandikie, uniambie alisema nini na tarehe gani, maana zile siku 60 zinaanza kuhesabiwa hapo.